Nani Anajua Umri Wako? Historia ya Mlango wa Sinema Hadi Ruanda ya Mbozi

Ruanda tunayoizungumzia hapa ni kata ya Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Kigali haihusiki. Ni nchi ya kahawa na mahindi, upande wa barabara kuu inayokwenda Tunduma na kuvuka kuingia Zambia, na hakuna aliyewahi kuifuata kwa ajili ya majumba ya sinema. Hata hivyo kijana wa Ruanda, sawa na mwenzake wa Vwawa au Mlowo, amekua akiisikia kauli ileile aliyoisikia kijana wa Dar es Salaam au Unguja: picha hii si ya watoto, rudi nyumbani.

Kauli hiyo haifanyi kazi peke yake. Inamhitaji mtu wa kusimama mlangoni, na mtu huyo naye anahitaji namna ya kujua umri wa aliye mbele yake. Kwa karibu miaka mia moja upande huu wa Afrika umekuwa na kimoja bila kingine.

Watoto wenye ndevu: 1921 hadi 1939

Mwaka 1921 mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alifungua ukumbi wa Royal mjini Unguja. Ramani yake ilichorwa na John Sinclair, Mwingereza ambaye baadaye alikuwa Balozi Mkazi wa serikali yake visiwani. Kabla ya hapo Jariwalla alikuwa akionyesha picha hemani. Ukumbi ulileta kuta, viti vya bei tofauti, na mtu wa kuchana tiketi mlangoni. Mlango wa kwanza wa kweli ukawa umesimama.

Swali la nani apite lilijibiwa kwa namna ambayo leo inashangaza. Katika makoloni ya Uingereza, hofu kubwa ya wakaguzi wa filamu haikuwa kijana wa miaka 15. Ilikuwa Mwafrika wa umri wowote. Waliamini kwamba mtu mweusi huona picha kwa akili ya mtoto, hajui kutenganisha mchezo na ukweli, na akimwona mzungu analewa, anaiba au anapigwa makofi kwenye pazia, heshima ya serikali itaporomoka. Kwa hiyo Tanganyika ilikuwa na filamu zilizopitishwa kwa ajili ya Wazungu na Wahindi lakini zikakatazwa kwa Waafrika. Babu mwenye wajukuu alizuiwa picha ambayo kijana wa Kizungu wa darasa la saba angeitazama bila kuulizwa.

Utata unaonekana vizuri zaidi ukikumbuka kodi ya kichwa. Mtoza kodi hakuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtu yeyote, na wazee wa sehemu nyingi husimulia jinsi vijana walivyoamriwa kuinua mikono ili wakaguliwe makwapa: wenye vinyweleo walipe. Serikali ileile, basi, ilimhesabu kijana kuwa mtu mzima alipotakiwa kutoa fedha, na ikamhesabu baba yake kuwa mtoto alipotaka kutazama picha.

Imani hiyo ilizaa hata filamu zake. Kati ya 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt na wenzake waliweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakaendesha jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani na msukumo wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Walitengeneza filamu fupi 35, wakazipakia kwenye lori lenye mitambo, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilihusu kilimo, posta, usafi, minyoo. Watu walikaa chini uwanjani usiku, mama na kichanga mgongoni, mzee na mjukuu wake. Hakukuwa na mlango, na hakuna aliyefukuzwa kwa sababu ya umri: watazamaji wote walikwisha kuwekwa daraja moja, la watoto.

Shaba na kofia pana: 1939 hadi 1961

Watu wa Unyiha na Unyakyusa hawakuijua sinema kwa lori la serikali pekee. Vijana wa nyanda hizi walikuwa wakivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na wengine waliandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri vibarua wa migodini, kwenda migodi ya Afrika Kusini mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoukata mkondo huo. Kwenye kambi za migodi kulikuwa na sinema ya uwanjani, tiketi yake rahisi, na picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya makauboi. Shujaa wa kila picha aliitwa Jeke, awe nani awe nani, kutokana na Jack. Watoto wa makambini walijishonea suruali zenye mapindo na kofia za ukingo mpana, wakapigana kwa bastola za mbao.

Kwenye miji ya huko, majumba ya sinema ya Wazungu yalibaki ya Wazungu mpaka karibu na 1960. Filamu za Waafrika zilipita kwenye ungo wao wenyewe, zikakatwa vipande vya mapigano makali, vya wanawake waliovaa nusu, na vya watu wa rangi nyingine kuwashinda Wazungu. Picha ilifika kambini imechanika kiasi kwamba mtazamaji angeona bunduki ikiinuliwa na mara maiti iko chini. Mambo hayakuwa na nafuu magharibi: katika Kongo ya Kibelgiji nako filamu za Waafrika zilichujwa peke yake, na bado vijana wa Léopoldville katika miaka ya 1950 walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama alivyovaa. Mkasi ulikata mabusu na damu. Mwendo wa kauboi, ule wa kutanua miguu na kuingiza vidole gumba kwenye mkanda, haukukatika.

Dar es Salaam ilikuwa tofauti kidogo. Hapa Mwafrika mwenye fedha ya tiketi aliweza kuingia Empire au Avalon na kukaa viti vya mbele, karibu na pazia. Bei ndiyo ilikuwa ukuta mkubwa kuliko rangi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji ulipofurika vijana wasio na kazi, maofisa walianza kulalamikia wahuni waliovaa kikauboi mitaani, na lawama ikapelekwa sinema. Hapo ndipo ninapoona mgeuko wenyewe. Kadiri ilivyozidi kuwa aibu kusema hadharani kwamba Mwafrika ni mtoto, kidole kilihama kikamwelekea kijana. Hofu ilikuwa ileile, ya mtu anayetazama kisha akaiga. Aliyebadilika ni mwenye kuogopwa.

Katika miaka hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili zenye waigizaji wa hapahapa. Aliyeng'ara katika *Muhogo Mchungu* alikuwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii aitwaye Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Sijui nchi nyingine ambayo staringi wake wa kwanza alifika huko kwa miaka kumi.

Geti la mjini: 1961 hadi 1976

Uhuru ulilikuta geti la sinema likiwa na kazi mpya. Madaraja ya umri yalikuwa yakija na mikanda yenyewe. Uingereza ilikuwa imeanzisha alama ya X mwaka 1951 kwa picha zisizoruhusiwa kwa walio chini ya miaka 16, ikapandisha kikomo hadi 18 mwaka 1970. India, iliyotuletea sehemu kubwa ya picha tulizozipenda, ilikuwa na cheti chenye herufi A kwa watu wazima tu. Cheti hicho kilionekana kwenye pazia kabla ya jina la filamu, kimejaa maandishi na mihuri. Mtazamaji wa Tanga au Moshi alikiona kikipita, akangoja wimbo wa kwanza.

Aliyeyatafsiri madaraja hayo mlangoni alikuwa mkata tiketi. Hakuwa na kitambulisho cha kudai. Alitazama kimo, sauti, kidevu na, zaidi ya yote, suruali. Mwanafunzi wa kiume alivaa kaptula. Suruali ndefu ilikuwa ya mtu aliyemaliza shule au aliyeanza kazi. Kwa hiyo mvulana aliyetaka picha ya watu wazima aliazima suruali ya kaka yake, akaikunja kiunoni, akaingia katikati ya kundi la wakubwa huku akijitahidi kutosema neno. Visiwani na pwani buibui lilimfichia msichana umri wake vilevile. Mkata tiketi naye alikuwa mtu wa mtaa. Alimjua baba wa huyu na shangazi wa yule, na mara nyingi kilichomzuia mtoto hakikuwa sheria. Ilikuwa hofu kwamba kesho asubuhi habari itafika nyumbani.

Aliyekataliwa hakukosa chote. Nyuma ya kumbi kulikuwa na tundu, ukuta mfupi, au mti. Kupiga chabo kulikuwa elimu ya pili, na sauti ya ngumi za Bruce Lee ilitosha kumfanya aliyeko nje asimulie picha nzima shuleni Jumatatu. Filamu yake, *Enter the Dragon*, ilitoka mwaka 1973, mwenyewe akiwa amekwisha kufa Julai ya mwaka huohuo, na katika miaka iliyofuata kungfu iliwapata vijana wa Dar kama kauboi alivyowapata kaka zao.

Serikali ya chama kimoja haikupenda. Ilikuwa imeunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, ikaipa baadaye usimamizi wa uingizaji wa filamu zote. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana; Novemba mwaka huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Kijana sasa alitakiwa kuwa mjenzi wa taifa, na sinema ilihesabiwa pamoja na vitu vilivyomvuta kwenda kombo. Picha ikawa na kosa jipya: ubepari.

Sheria kamili, nchi pana: 1976 hadi 1985

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, ndiyo iliyofunga mambo haya pamoja. Iliunda Bodi ya Ukaguzi, ikataka kila filamu ipitishwe kabla ya kuonyeshwa, ikaweka leseni za kumbi, na ikashusha kazi hadi kwenye kamati za mikoa na wilaya. Kwa maandishi, Mbozi ilikuwa imefikiwa.

Mwaka huohuo, Julai 14, reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikikatiza mashamba ya Mbozi kuelekea Tunduma. Barabara ya lami ilikuwa imetangulia. Safari iliyokuwa ya siku nyingi ikawa ya siku mbili, na bidhaa za pwani na za Zambia zikakutana njiani. Hayo yalikuja kuwa na uzito kuliko sheria, kwa sababu kilichobebwa baadaye kwenye mabasi na malori kilikuwa kidogo cha kutosha kuingia kwenye mfuko wa koti.

Kumbi zenyewe zilikuwa zikififia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka. Mikanda mipya haikuja, ya zamani ilichakaa na kukatika katikati ya picha, na viti vilivyovunjika havikutengenezwa. Sheria iliyojengwa juu ya ukumbi ilikuwa imepitishwa wakati ukumbi unaanza kufa.

Gunia dirishani: 1985 hadi 2013

Alipoingia Rais Mwinyi mwaka 1985 na biashara ikafunguliwa, video iliingia nayo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Pengo hilo la miaka ndilo lililojazwa na deki. Mtu mmoja mwenye deki, televisheni na jenereta aliweza kuwa na sinema.

Banda la video la vijijini lilikuwa hivi: chumba cha tofali za kuchoma au mabanzi, bati juu, gunia au blanketi limetundikwa dirishani ili kuondoa mwanga, mabenchi yasiyo na egemeo, na ukutani nje ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya picha za siku. Joto na msongamano ndivyo vilivyolipa banda jina la kibanda umiza. Mlangoni alikaa mwenye banda mwenyewe, au mdogo wake, akipokea sarafu. Hakukuwa na tiketi.

Hapo ndipo mlango ulipobadilika tabia. Mkata tiketi wa mjini alilipwa mshahara na tajiri mwenye leseni ya kupoteza. Kumzuia mtoto hakukumgharimu kitu. Mwenye banda alikula kutokana na sarafu ya huyo mtoto, na watoto ndio waliokuwa wateja wa mchana. Picha za Arnold Schwarzenegger na Jean-Claude Van Damme zilijaza watoto wa shule saa nane mchana, na siku za mnada au za malipo ya kahawa walikuja wakubwa. Haimaanishi kwamba hakukuwa na marufuku. Wenye mabanda wengi waliwafukuza watoto usiku, kabla ya kuweka mkanda wa X, ule ambao vijana waliuita pilau. Kuliwaka tochi, mwenye banda akapita benchi kwa benchi akiwashika masikio wadogo mmoja mmoja. Kipimo kilikuwa kilekile cha zamani, yaani uso na kimo, isipokuwa sasa kaptula haikusema kitu tena.

Lugha nayo ilifungua mlango mwingine. Picha za Kichina, Kihindi na Kiingereza zilianza kusimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti yake, na msimuliaji Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, akajulikana kila penye deki. Mtoto asiyejua neno la Kiingereza sasa alielewa kila tusi. Bodi ya Dar es Salaam iliweza kuikagua filamu. Simulizi iliyowekwa juu yake chumbani kwa mtu ilipitiwa na nani?

Kwa upande wa Songwe, mpaka uliongeza kasi. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja wenye serikali mbili, na kanda, kisha diski, zilivuka pamoja na vitenge na sukari. Hata umeme ulivuka: Tunduma na sehemu za Mbozi zilikuwa zikitumia umeme ulionunuliwa Zambia. Jenereta zikazimwa, bei ya kuingia ikashuka, na watoto wakaongezeka.

Kanuni za filamu za mwaka 2011 zilijaribu kulifuata banda huko liliko, kwa leseni na masharti. Kuanzia 2013 diski za filamu na muziki zilitakiwa kuwa na stempu ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na majalada ya filamu za Kibongo yakaanza kubeba daraja la umri. Maofisa utamaduni wa wilaya walipita, wakafunga mabanda, wakaonya. Ofisa mmoja, wilaya nzima, pikipiki ikiwa na mafuta au haina: mabanda yalifunguliwa tena jioni. Siwalaumu. Kadiri miaka ilivyokwenda mabanda mengi yaliacha filamu yenyewe yakahamia kwenye mpira wa Ulaya, na mtoto aliyezuiwa kwa ajili ya picha chafu aliachwa akeshe mpaka saa sita usiku kwa ajili ya Arsenal.

Kadi ya memori: baada ya 2013

Mijini geti lilirudi, safari hii lenye viyoyozi. Kumbi za Century Cinemax jijini Dar es Salaam zilileta bango la daraja la umri kando ya bei ya bisi. Nairobi ilikwenda mbali zaidi: Bodi ya Filamu ya Kenya ilipiga marufuku *The Wolf of Wall Street* mwaka 2014 na *Fifty Shades of Grey* mwaka 2015, hata watu wazima wasiione. Septemba 2018 mahakama ilisimamisha kwa siku saba marufuku ya *Rafiki*, filamu ya Wanuri Kahiu, ionekane na watu wazima tu, na foleni ikajaa Prestige Cinema. Kwa wiki moja mlango wa umri ulikuwa mlango wa kweli, wenye watu nje na walinzi ndani.

Nchini Tanzania sheria ya 1976 ilipakwa rangi mpya mwaka 2019, Bodi ikawa Bodi ya Filamu Tanzania. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikuwa imekwisha kusema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Lakini kitambulisho cha taifa, cha NIDA, hutolewa kwa aliyefika 18, na wengi waliofika wamekaa miaka wakiwa na namba bila kadi. Mlinzi wa ukumbi anayetaka kufuata sheria hana cha kumdai wa miaka 17, na akidai kadi atamrudisha nyumbani pia wa miaka 22.

Ruanda haikungoja ukumbi. Songwe ilipofanywa mkoa mwaka 2016, minara ya simu ilikuwa imekwisha kusogea vijijini, na kwenye vituo vya mabasi na magulio palikuwa na kijana mwenye kompyuta, meza na spika. Unampa kadi ya memori, unataja picha, anakujazia. Muvi kumi zilizosimuliwa, nyimbo mia, na kama unajua kuuliza kwa sauti ya chini, kingine. Folda hazina daraja la umri. Baadaye hata meza hiyo ilipungukiwa wateja, kwa kuwa bando la usiku lilifanya kazi yake. Mitandao mingine humuuliza mtazamaji kama amefika miaka 18, na kuna kitufe cha ndiyo.

Wakati huohuo, kitu kilichokosekana kwa karne nzima kilikuwa kimefika. Mwaka 2013 wakala wa usajili wa vizazi, RITA, ikishirikiana na UNICEF na kampuni ya simu ya Tigo, ilianza mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano, na mkoa wa kwanza ulikuwa Mbeya, ambao wakati huo bado ulikuwa na Mbozi na Tunduma ndani yake. Cheti kiliandikwa kwa mkono palepale, kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, bila malipo, na taarifa zikatumwa kwa simu. Watoto wa Mbozi walioandikishwa mwaka ule wamefika balehe. Umri wao unajulikana kwa tarehe na mwezi, una namba na muhuri. Wamekitoa cheti hicho shuleni, watakitoa tena wakiomba kitambulisho au pasi ya kusafiria. Kwa ajili ya picha, hawajaombwa.